Mke Mdogo wa Mzee Mujibu

Yule jogoo mwekundu nilimpeleka mwenyewe kwa jirani yetu Faridi asubuhi ya Jumamosi, anichinjie. Kwetu Chiwata nyumba ya Mkristo ikitarajia mgeni huchinjisha kwa Mwislamu, ili kila atakayepita mlangoni ale bila wasiwasi. Nikamchemsha polepole na chumvi na kitunguu, nikamkausha, nikamtilia tui la korosho. Korosho zenyewe nilizibangua kwa mkono wangu, moja moja, mpaka vidole vikawa vyeusi. Mjukuu wangu Huruma hakuwahi kuniletea kijana nyumbani, na siku aliponitajia jina hili, Optatus, alilitamka akiangalia pembeni, kama mtu aliyebeba yai kiganjani.

Walikutana kazini. Chuo anachosoma Huruma kimewekeana mkataba na shirika moja la Denmaki linalojenga matangi ya maji ya mvua huku kwetu. Kila mwaka vyuo vikifunga, wanafunzi sita huletwa Newala kufanya fildi ya wiki nane. Wanakwenda kijiji kwa kijiji na vile vishikwambi kama vya sensa, wanaandika kaya zisizo na tangi, nani anachota wapi, ndoo ngapi kwa siku. Mwisho wa wiki nane, wawili waliofanya vizuri hupelekwa Denmaki kwa miezi sita, makao makuu ya shirika. Mwaka huu walichaguliwa Huruma na huyo Optatus, ambaye kwao ni Karagwe, na kabla ya Julai hakuwa ameona mkorosho kwa macho yake.

Tulikuwa tunamenya muhogo Huruma aliponisimulia mengine. Kwamba kule juu Newala jua ni kali na maji ni ya shida, na wao wawili walikuwa na chupa moja. Kijana alikuwa anampa yeye anywe kwanza, kisha naye anaweka mdomo palepale. Nikamuuliza kama chupa ya pili ilikosekana dukani. Akamenya muhogo uleule mara mbili.

Basi Jumamosi ile nikawaona wanakuja kwa njia ya mikoroshoni. Salfa, dawa ya mikorosho, ilikuwa imetoka kupulizwa, majani yote yana vumbi. Huruma mbele na gauni lake la bluu, nyuma yake kijana mrefu, mwembamba, amekumbatia mfuko wa sukari na mche wa sabuni, anacheka jambo. Walipofika uani Huruma akapitiliza jikoni kutazama chungu, akaniachia mgeni barazani.

Kijana aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya baraza, akasimama hivyo hivyo. Akautazama mlango wangu wa rangi ya kijani. Akakitazama kiti cha kamba cha marehemu mume wangu. Akalitazama shimo la maji tulilosakafia saruji miaka ile ya zamani, lenye ufa kama radi. Kile kicheko kikakauka usoni pake nikikiona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa. Aliniuliza, sauti ikiwa imeshuka, "Bibi, hapa si kwa Mzee Mujibu?"

Nikacheka. Mzee Mujibu ni mtani wetu. Sisi ni Wamakua, yeye ni Mmakonde wa Newala, na kwa miaka hamsini yeye na mume wangu Gideoni hawakuwahi kusemezana neno moja la kweli mbele za watu. Akija kwangu anaingia mpaka jikoni, anafunua chungu, anasema chakula cha Wamakua hakina chumvi, kisha anakimaliza. Huruma alipozaliwa alimbeba mikononi akatangaza kuwa huyu ndiye mke wake mdogo, asije akaguswa na mtu. Mpaka leo akimkuta anamuuliza, mke wangu, umenipikia nini. Na utani una kanuni yake: mtani humkatalii. Akikurushia, unamrudishia. Nikadhani kijana amemsikia mzee huyo njiani, kwa kuwa hana kijiji asichojulikana. Nikajibu kama ninavyojibu siku zote.

"Ndiyo, mwanangu, hapa ndipo kwake. Ila leo hukumpata, yuko Newala kwa mke mkubwa. Hapa kwa mke mdogo atakuja Jumanne."

Wakati huohuo Huruma akatokea mlangoni na sahani ya kuku, na nyuma yake wale watoto wawili wa dada yake ninaowalea mimi, Cyril na Flora, wamemng'ang'ania gauni, mmoja kila upande. Optatus aliwatazama wale watoto. Kisha akamtazama Huruma, na mimi niliyeishi miaka sabini na moja sijaona mtu akitazamwa hivyo. Ilikuwa kama mtu anayeiangalia nyumba yake inaungua, na maji hana.

Akasema kichwa kinamuuma. Akaweka sukari na sabuni juu ya kile kiti cha kamba, kwa mikono miwili, kwa adabu, akaniaga, akashuka. Hakukimbia, lakini alikwenda bila kugeuka, mpaka mikorosho ikamficha.

Huruma alibaki na sahani mkononi. Tui likaganda juu ya nyama. Aliniuliza nimemwambia nini mgeni wake, nikamwambia sijamwambia kitu, tumesalimiana tu. Na hivyo ndivyo nilivyoamini.

Jumapili simu yake haikupokewa. Jumatatu alfajiri Huruma akapanda Newala kazini. Jumatano jioni, jua bado lipo, nikasikia bodaboda, nikamwona anashuka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Hakunisalimu. Alikaa chini kwenye mkeka nilipokuwa nachambua mbaazi, akaniwekea kichwa mapajani kama alipokuwa darasa la pili.

"Bibi, amenipa shikamoo."

Sikuelewa. Nikamwomba arudie.

"Optatus. Jumatatu nimefika ofisini nikamwita, akasimama, akainamisha kichwa, akaniambia shikamoo, mama. Mbele za watu. Nikadhani ananitania. Jana tena. Leo tena. Kila nikiingia anasimama, ananipa shikamoo, anatoka."

Mikono yangu iliacha mbaazi. Kijana wa miaka ishirini na nne kumwamkia msichana wa ishirini na mbili. Matusi nimeyasikia ya kila namna, ya ugomvi wa mashamba na ya walevi wa uraka, lakini hilo la shikamoo sikuwa nimelisikia. Nikamuuliza kama aliitikia.

"Ningeitikia nini, bibi? Marahaba?"

Angekuwa hai babu yake, hapo angecheka mpaka akohoe. Mimi sikuweza. Huruma aliendelea, na hili la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Optatus alikuwa ameandika barua ya kujitoa safari ya Denmaki. Sababu hakuitaja. Kesho Alhamisi ndiyo siku yake ya mwisho ofisini, Ijumaa asubuhi anapanda basi, anarudi kwao. Huruma alikuwa amemfuata mpaka kwenye matangi nyuma ya ofisi, akamshika mkono wa shati, akamwomba amwambie kosa lake. Kijana alikuwa ameutoa mkono wa Huruma polepole, kidole kwa kidole, akamwambia, "Mimi sikulelewa hivyo, mama." Akaondoka machozi yakimlengalenga, yeye mwenyewe aliyeumiza.

"Machozi uliyaona?" nikauliza.

"Niliyaona."

"Basi kesho tunapanda wote."

Baba yake, Yoeli, mwanangu, alipopata habari kwa simu akiwa Masasi mjini alisema tusiende. Alisema kijana wa mbali ni kijana wa mbali, amepata mwingine, na mwanamke wa kwetu, awe wa Lupaso au Chiwata, hamfuati mwanamume ofisini. Nilimsikiliza mpaka akamaliza salio, maana ndiye mwanangu wa kwanza na anapenda kumaliza. Kisha nikatoa kitenge changu cha kanisani kwenye sanduku, nikakikung'uta nondo.

Tulipanda Newala kwa bodaboda moja, dereva mbele, mimi katikati, Huruma nyuma amenishika kiuno. Kile kilima cha kupandia uwanda wa juu nilikipanda macho nimeyafumba. Ofisi ya shirika ni nyumba ya bati jipya, uani matangi ya plastiki meusi yamepangwa kama ng'ombe wamelala. Msimamizi wa wanafunzi ni mama mmoja wa palepale Newala, Mmakonde, anaitwa Josephina, wenyewe wanamwita Mama Anderson. Alinipokea vizuri, akaniletea maji, akasema na yeye amepigwa na butwaa. Vijana wanalilia safari hiyo, hakuna aliyewahi kujitoa. Barua ya Optatus alikuwa nayo mezani, alitakiwa aipeleke chuoni siku ileile ili achaguliwe mwingine.

Nikamwomba amwite.

Optatus aliingia na begi lake begani. Alikuwa amekonda kwa siku tano tu. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Akamgeukia Huruma, akainama.

"Shikamoo, mama."

Huruma aligeuza uso ukutani. Nikamuuliza kijana, taratibu, kwa nini anamwamkia mdogo wake kwa umri. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama mimi ndiye niliyepotoka.

"Bibi, mume wake ni mzee kuliko baba yangu. Nisipomwamkia nitakuwa sina adabu."

Nilisikia tone la maji likianguka ndani ya tangi nje.

"Mume wake nani?" aliuliza Mama Anderson.

Optatus alitoa kishikwambi begini, akakipapasa, akakiweka mezani mbele yake. Mama Anderson akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Dodoso la tarehe tisa Julai, Chiwata. Mkuu wa kaya, Mujibu, umri miaka sabini na minne. Anaishi ukweni. Mke wake wa kaya hii, Huruma Yoeli, miaka ishirini na miwili, mke mdogo, mwanafunzi wa chuo kikuu, anasomeshwa na mume. Watoto wawili, Kibibi na Mujibu mdogo. Bibi wa mke, Emilia, mjane, hana kazi, anakula kwa mkwe.

Emilia ni mimi.

Huruma alikuwa ameweka viganja viwili mdomoni. Mama Anderson alisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akaniuliza tarehe tisa Julai kulikuwa na nini kwangu. Na hapo ndipo nilipoelewa, nikashika meza.

Mume wangu Gideoni alifariki tarehe sita Julai. Tulimzika tarehe saba. Tarehe tisa, siku ya tatu, ukoo wote pamoja na Huruma tulikwenda kaburini kusimamisha msalaba na kufanya sala. Nyumba aliachiwa mtani, kama ilivyo desturi. Watani ndio walichimba kaburi, watani ndio walipika, na Mzee Mujibu kama mtani mkubwa alikuwa amevaa koti la kahawia la marehemu, lile la Jumapili, amekaa kwenye kiti chake cha kamba, anakohoa kama yeye, anaagiza chai kama yeye. Ndivyo afanyavyo mtani msibani. Anamvaa marehemu ili wafiwa wacheke katikati ya kilio. Ananyang'anya kuku, anadai wajane, anajiita mwenye nyumba, na hakuna wa kumkasirikia.

Na katikati ya hayo, kijana wa Karagwe, wiki yake ya kwanza, amepita na kishikwambi. Amemkuta mzee wa heshima kwenye kiti chenye heshima, Cyril na Flora miguuni, mtani ameshawapa majina yake. Ameuliza mkuu wa kaya ni nani.

Nilimweleza yote hayo. Mama Anderson aliyaelewa kabla sijafika nusu, alikuwa ameshajifunika uso kwa kitambaa, mabega yanamtikisika, sijui kwa kicheko au kwa aibu. Lakini Optatus alikuwa ananitazama mimi tu.

"Kwetu pia watani wapo, bibi," alisema. "Lakini hawavai koti la marehemu. Jina Huruma nililiandika kabla yeye hajaripoti kazini, sikulihusisha naye mpaka Jumamosi nilipoitambua nyumba, na hapo bado sikutaka kuamini. Ndiyo maana nilikuuliza. Nilikuuliza wewe, bibi. Ukaniambia yuko kwa mke mkubwa."

Kwa muda wote ule, siku tano, nilikuwa namlaumu kijana wa watu, kumbe kisu nilikiingiza mimi, kwa kicheko, huku nikimkaribisha kiti. Nikamwambia, ni kweli, mwanangu, nilisema hivyo. Nikamwomba radhi. Mtu wa umri wangu hamwombi radhi kijana mbele za watu, na Mama Anderson alitazama chini ili asilione hilo.

"Na simu," akaongeza Optatus, sasa akisema na Huruma, kwa sauti ndogo. "Kule Kitangari, tumekaa kwenye kivuli, simu yako ikaita. Nilidhani ni mzaha, lakini niliona jina. Mume."

Huruma alifumba macho. Namba ya Mzee Mujibu ndiyo ameiandika hivyo. Mzee mwenyewe alimwamuru, siku aliponunua simu.

Mama Anderson akasema haitoshi sisi kusema, dodoso limeandikwa kwa mdomo wa mtu, lirekebishwe kwa mdomo wa mtu huyohuyo. Akampigia Mzee Mujibu, ambaye nyumba yake haiko mbali, nyuma ya soko. Hakuchelewa. Alikuja amelivaa koti lilelile la kahawia, maana ni haki yake, nguo za marehemu huchukuliwa na mtani. Nilipoliona likiingia mlangoni, mabega yale yamelegea vilevile, moyo wangu uliruka kwanza kabla akili haijaukumbusha.

Akamwona Optatus, akamtambua papo hapo.

"Ndiyo wewe uliyeniandika. Tangi langu liko wapi? Mwezi wa pili huu, mke wangu anateseka na ndoo."

Hakuna aliyecheka. Mzee alituangalia mmoja mmoja. Aliona begi la kijana, aliona uso wa Huruma ulivyovimba, akaniona mimi nimeshika meza. Akauliza nani amekufa. Mama Anderson akamweleza, kwa Kimakonde na haraka haraka, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyokuwa ukivuliwa kitu baada ya kitu. Nimemjua Mujibu tangu nikiwa bibi harusi. Sijawahi kumwona bila mzaha, hata mbele ya jeneza. Siku ile nilimwona, na nilitamani nisimwone, kwa sababu alikuwa mzee tu, macho yana ukungu, amechoka.

Alivua koti. Akalikunja, akaliweka mezani kando ya kishikwambi.

"Mwanangu, futa," alimwambia Optatus. "Andika mkuu wa kaya amefariki tarehe sita. Mimi nilikuwa nimemkalia kiti kidogo. Aliniambia pale hospitali, Mujibu, nyumba yangu usiiache kimya. Nikaogopa kuiacha kimya. Basi nikasema sana." Akanionyesha kwa kidevu. "Sasa mkuu wa kaya ni huyu mama. Yule binti ni mjukuu wangu. Sina mke mdogo. Hata huyo mkubwa ananishinda."

Optatus aliandika. Nami nikaona jina la Gideoni likiingia kwenye kile kioo na neno amefariki mbele yake, na tangu msiba ule ndiyo mara yangu ya kwanza kulia bila mtani wa kunizuia, kwa kuwa mtani mwenyewe alikuwa analia.

Nilifikiri hapo mambo yamekwisha. Kijana naye alifikiri hivyo, kwa kuwa alipiga hatua mbili kumwelekea Huruma, mikono imetangulia. Huruma akarudi nyuma hatua mbili.

"Usinisogelee."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililotushtua. Aliongea kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Dodoso lina maswali mangapi, Optatus?"

"Arobaini na moja."

"Maswali arobaini na moja ulimuuliza mzee usiyemjua, ukaamini yote. Ukamuuliza na bibi, ukaamini. Ukaiuliza simu yangu. Tumetembea wiki saba, tumekunywa chupa moja. Mimi hukuniuliza hata moja. Uliniamkia tu."

Mzee Mujibu alianza kusema neno, nikamkanyaga mguu. Ulikuwa ukweli mtupu na haukuwa na wa kuutania.

"Niliogopa," alisema Optatus hatimaye. "Nikikuuliza ungejibu. Nisipouliza, nilikuwa na siku tano zaidi za kutojua."

Huruma alimtazama. Alimtazama viatu vilivyopasuka kwa mawe ya Newala, ukosi wa shati, yale macho yaliyokuwa hayajalala. Nilimjua mjukuu wangu, nikajua anahesabu pumzi ili asilainike mapema.

"Kaa chini," akamwambia. "Fungua jipya. Niulize."

Optatus alivuta kiti. Akakaa, naye Huruma akakaa upande wa pili wa meza, mikono juu ya mapaja kama wamama wa kijijini wakihojiwa. Kishikwambi kikawaka. Mama Anderson aliisogeza ile barua ya kujitoa, akaweka mkebe wa kalamu juu yake, hakuituma na hakuichana.

"Jina kamili?"

"Huruma Yoeli Gideoni."

"Umri?"

"Unaujua. Andika."

"Kijiji?"

"Chiwata. Nyumba ya mlango wa kijani. Ulifika hapo ukaondoka bila kula."

Akaandika. Akauliza chanzo cha maji, akauliza umbali, akauliza ndoo. Sauti yake ilikuwa inapotea na kurudi. Huruma alimjibu kila moja, bila haraka, na kila jibu macho yao yalikaa pamoja zaidi kidogo kuliko lile lililotangulia. Mimi na Mujibu tulikuwa tumeketi kwenye benchi la wageni na lile koti, nililolitoa mezani, katikati yetu.

Kisha kijana akafika mahali, akasita.

"Hali ya ndoa?"

Huruma alikitazama kile kioo kikiwa kichwa chini kwa upande wake. Yapo majibu manne tu pale, nilikuja kuyajua baadaye: hajaolewa, ameolewa, ametalikiwa, mjane.

"Andika bado hajaulizwa," akasema.

Optatus aliinua uso. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu, na weusi wake wote ule.

"Hakuna pa kuandika hivyo."

"Basi paache wazi. Denmaki tutakwenda, tutafanya kazi, hatutaongea mengine huko. Tukirudi utakuja Chiwata na wazee wako, upajaze mbele ya bibi." Akasimama, akachukua lile koti la babu yake benchini, akamrudishia Mzee Mujibu kwa mikono miwili, akamvalisha. "Na siku hiyo kuku utamla."

Optatus alikipeleka kidole mpaka kwenye swali linalofuata, akaliacha lile lilivyo. Kishikwambi kikalia mlio mdogo, kikimkumbusha kuwa kuna mahali hapajajazwa. Hakukinyamazisha.